Bongo ya Jeep ya Papa Ruphin

Kama hujawahi kuendeshwa na Papa Ruphin Lifoli, basi bado hujapanda gari, ulibebwa tu. Ndivyo asemavyo mwenyewe, na mtaa mzima wa Kabondo umechoka kumpinga. Miaka ishirini na sita aliendesha malori ya mchele na mafuta ya mawese kutoka Kisangani mpaka Buta, mpaka Isiro, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha lori linageuka pirogi, mtumbwi kabisa, na dereva anageuka mvuvi. Mwenye malori alipofariki na watoto wake kuyauza vipande vipande, Ruphin alikusanya akiba yake yote akanunua jeep ndogo, rangi ya maziwa ya unga, usukani kulia, iliyofika kutoka ng'ambo ikiwa tayari na wajukuu. Kwenye kioo cha nyuma akaandikisha kwa herufi nyekundu TIKA BALOBA, Kilingala cha kuwaambia watu: waache waseme.

Nao walisema. Hasa walisema juu ya batri.

Maana kila jioni, kabla mbu hawajaanza kazi, Ruphin alikuwa anafungua kapo, kile kifuniko cha injini, anatoa mfukoni ufunguo namba kumi, spana yake ya nati, analegeza vichwa viwili vya nyaya, anaikumbatia batri kifuani kama mtoto anayetoka kubatizwa, anaingia nayo ndani na kuilaza chini ya kitanda, upande wake wa ukutani. Asubuhi anairudisha. Wezi wa batri wa mtaa ule walikuwa na vidole laini kuliko vya mkunga. Jirani wa kushoto aliibiwa mara mbili, wa kulia mara moja na kuku juu. Ruphin, hata mara moja. Jambo hilo alilitangaza kwenye misiba, kwenye harusi, na siku moja padri alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda.

Mkewe Célestine, mama anayeuza lituma, madonge ya ndizi, sokoni, mwenye mikono ya kutwanga ndizi na ulimi wa kutwanga watu, aliipa batri jina la mbanda, yaani mke mwenza.

"Mbanda amefika," alikuwa anasema jioni, akisogeza miguu. "Mumuulize kama atakula ama ameshiba moto wa umeme."

"Cheka tu," Ruphin anajibu. "Mbanda huyu hajawahi kuniomba liputa mpya ya kujifunga."

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu, shirika moja la chanjo lilitangaza kwamba linatafuta jeep tatu na madereva wake, kazi ya miaka miwili, kupeleka manesi na masanduku ya baridi ya dawa njia ya Banalia. Ruphin aliposikia neno Banalia aliinuka sahani ikiwa bado nusu. Huko ndiko alikozaliwa, kando ya mto Aruwimi, na huko ndiko anakoishi dada yake mkubwa Ursule, ambaye hajamwona tangu malori yalipouzwa. Kabla hata ya kwenda kujiandikisha, alishampigia simu.

"Dada, fagia kile chumba cha nyuma. Mwezi ujao miye njo dereva wa chanjo." Njo ya Kisangani ni ndiye na ndiyo kwa pamoja.

"Wamekuchukua?"

"Beko banangoja tu mimi nikubali."

Hawakuwa wanamngoja. Walikuwa na karatasi yenye masharti, na sharti la nne lilihusu moshi: gari linalobeba dawa za watoto lisiwavutishe watoto moshi. Kila gari lingepimwa moshi wake katika kiwanja kimoja kule Makiso, si mbali na bandari, na ukishindwa mara mbili jina lako linafutwa, kwaheri, wako wengine nyuma yako.

Moshi wenyewe Ruphin hakuuogopa. Aliogopa ile taa. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo ya njano yenye umbo la injini, ile ya kusema kuna kosa, iliyowaka tangu mwaka uliopita na kukataa kuzimika. Yeye aliibandikia juu yake picha ndogo ya Bikira Maria, basi kwa miezi kumi na moja Mama Maria akawa anang'aa njano mchana na usiku, na abiria wengine walikuwa wanafanya ishara ya msalaba wakiingia. Asubuhi ya kwenda kupimwa, makanika wa kona, Arsène, alichomeka kifaa cha kuazima, akabonyeza mara mbili, taa ikafa.

"Imepona?" Ruphin aliuliza.

"Imenyamaza," Arsène akasema, na alikuwa mkweli kuliko alivyojua.

Kule Makiso mpimaji alikuwa mama mmoja mwembamba, Micheline, miwani kwenye kamba, blauzi nyeupe isiyojua vumbi. Alichomeka waya wake chini ya usukani, akatazama kioo cha mashine, akatikisa kichwa, na hata bomba la kupimia moshi hakuligusa.

"Papa, nani amefuta makosa leo asubuhi?"

"Makosa gani, madame? Mimi nimeungama Jumamosi."

Micheline hakucheka, ingawa mdomo ulimsaliti kidogo. "Bon. Sikiliza. Motokari hii inajipima yenyewe ikitembea. Inapima sonde, inapima catalyseur inayosafisha moshi, inapima moto wa bougie, zile plagi, kila kitu kwa zamu yake. Ikimaliza, inaandika hapa: prêt, tayari. Ukifuta makosa, inasahau yote, inaanza tena ziro. Tazama mwenyewe. Non prêt, non prêt, non prêt. Ni kama mwanafunzi anafuta ubao halafu anaomba pointi. Siwezi kukupima."

"Donc basi, nirudi kesho."

"Urudi Ijumaa ya juma lijalo, saa nane mchana. Na hii nimeihesabu ya kwanza, papa. Pole. Imebaki moja."

Ruphin alirudi Kabondo kwa gia ya pili njia nzima, kitu ambacho kwa dereva wa njia ya Buta na Isiro ni sawa na kutembea uchi. Majirani wakamuuliza imekuwaje. Akasema mashine yao ilikuwa na njaa ya umeme.

Célestine ndiye aliyesema neno la maana siku hiyo. "Uache Arsène. Uende kwa Khadija."

Khadija Asumani alikuwa binti wa watu wa Kasongo waliohamia Kisangani zamani, fundi wa umeme wa magari, ovaroli ya bluu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa imara kuliko nati. Karakana yake ilikuwa mabati manne na mwembe wa jirani uliomwagia majani bila ruhusa. Watu walisema ana valizi inayozungumza na injini. Ruphin alifika akitegemea kuona sanduku, pengine lenye magurudumu. Khadija akatoa mfukoni kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Hii njo valizi?"

"Njo hii, Papa Ruphin."

"Mwana, ndani ya valizi hii hata soksi haiwezi kuingia."

"Soksi hapana. Lakini bongo ya motokari yako inaingia yote."

Alichomeka. Siku mbili alihangaika na gari lile, na mwishoni akampata mwizi: sonde, kile kipimo cha hewa kilichofungwa kwenye bomba la moshi, kilikuwa kimekufa zamani, na ndicho Mama Maria alichokuwa anakilalamikia. Akaweka kingine, akasafisha bougie, taa, iliyokuwa imesharudi, ikazimika yenyewe kwa haki. Kisha akamwekea Ruphin mkono begani, jambo ambalo wanawake wachache wa Kabondo wangethubutu.

"Sasa kazi iko kwako, papa. Injini ipoe saa mingi. Uiwashe, uiache inguruma kidogo bila kuigusa. Halafu uende njia ya Bangboka, mwendo moja tu, sitini, sabini, robo saa, usibadilishe mguu. Halafu uache pedali, itembee yenyewe mpaka ichoke. Usifunge frein, breki usiiguse."

"Bila frein? Kisangani hii?"

"Si ulisema weye dereva?"

Hapo alimshika pabaya. Jumatatu mchana, saa tisa, saa ambayo njia ya uwanja wa ndege hupumua, Ruphin aliwasha Tika Baloba, akaiacha ingurume, akatoka. Sitini. Mguu haukutikisika. Toleka mmoja, wa teksi ya baiskeli, aliyebeba godoro la watu wawili kwenye baiskeli yake alimwona anakuja bila kupunguza, akajitupa majanini pamoja na godoro, na akashukia juu yake, kwa hiyo hakupoteza chochote ila heshima. Mbuzi watatu walivuka. Ruphin akawapita katikati yao, mmoja kushoto wawili kulia, bila frein, na hilo si jambo la kuongezewa chumvi, mwenye mbuzi yupo. Kwenye baryeri, kile kizuizi cha barabarani, polisi alimsimamisha akirudi, maana alikuwa amemwona anakwenda.

"Papa, umetoka wapi?"

"Nyumbani."

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na kule Bangboka ulifuata nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nafundisha motokari."

Polisi alitazama gari, akatazama mzee, akaamua kwamba makaratasi ya mtu wa namna hii hayana faida, akamwachia.

Akapita sokoni kupakia masufuria ya Célestine, akafika nyumbani saa kumi na moja na nusu akiwa na furaha ya bwana harusi. Khadija alikuwa ameshafunga. Yeye hufunga saa kumi, anaswali, anakwenda kwa watoto wake. Basi Ruphin akafungua kapo, ufunguo namba kumi, batri kifuani, chini ya kitanda.

Jumanne asubuhi Khadija alichomeka kile kipande cha sabuni, akakunja uso. Mistari saba ya vipimo. Yote: non prêt.

"Ulitembea kweli, papa?"

"Muulize yule wa godoro."

Akarudia Jumanne mchana, na safari hii akaenda mpaka mwisho wa lami. Jumatano asubuhi: non prêt, yote saba, kama vile gari halikutoka uani. Akarudia Jumatano, kwa hasira, sabini safi. Hata mbuzi sasa walikuwa wanamfahamu na kumpisha. Jioni ile Ursule alipiga simu kuuliza kama anunue kitanda cha mbao au cha chuma. Ruphin akasema chuma, kwa sauti kubwa, halafu akakaa na simu mkononi mpaka lituma ikapoa. Célestine hakumtania. Ruphin alipoona mkewe hamtanii, ndipo alipoogopa kweli.

Alhamisi asubuhi alifika kwa Khadija kabla hajafungua. Watu wawili watatu walikuwa wanangoja na pikipiki zao. Khadija alichomeka, akasubiri, akageuza kifaa ili Ruphin asome mwenyewe.

Non prêt. Non prêt. Non prêt. Mpaka chini.

"Mashini yako inasema bongo," Ruphin alisema.

Kwa Kiswahili cha Kisangani, neno bongo lina kazi mbili kama mama wa soko: ni ile akili iliyo kichwani, na pia ni uongo. Khadija, ambaye usingizi ulikuwa haujamtoka vizuri, alisikia la kwanza.

"Eeh papa, ni bongo kabisa. Calculateur, kompyuta yake, njo bongo ya motokari."

"Umesikia! Amekubali mwenyewe! Ni bongo!"

"Lakini papa, bila bongo motokari haiwezi kutembea."

"Yaani bila kusema uongo? Khadija! Watu wa Kasongo mumetufikisha hapa?"

Wenye pikipiki walicheka mpaka mmoja akashika mti. Khadija alipong'amua, alicheka pia, lakini Ruphin hakucheka. Alikuwa anaisoma ile mistari saba upya, na Khadija aliona.

"Papa, tusigombane. Kesho saa nane ni mwisho?"

"Ni mwisho. Dada yangu amenunua kitanda cha chuma."

"Basi uniambie. Mafundi wengine wameigusa? Arsène?"

"Nani aguse motokari yangu?" Na hapo, kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, Papa Ruphin alijinyoosha akaanza wimbo wake. "Mwana, weye unajua nani yuko mbele yako? Mutaa yote wameibiwa batri. Papa Rolly, jirani wa kushoto, mbili! Mimi, miaka tatu, hakuna hata mutu amenusa batri yangu. Juu ya nini? Kwa sababu kila jioni, mimi na mikono yangu, naitoa. Hata nikiwa mugonjwa naitoa! Inalala chini ya kitanda yangu, asubuhi naiamsha. Sasa nani ataniambia kama motokari yangu inaguswa?"

Khadija alikuwa ameshusha kifaa chake.

"Kila jioni?"

"Kila jioni! Hata Noeli!"

"Na Jumatatu pia? Ukitoka Bangboka?"

"Jumatatu si siku ya wezi?"

Khadija alikaa chini, juu ya tairi, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Ruphin alidhani analia, akatazama huku na huku, akaona aibu, akaanza kutafuta leso.

"Mwana, usilie, ni motokari tu..."

Alipoondoa mikono alikuwa na machozi kweli, ya kicheko. "Papa Ruphin. Ile bongo, ile ya kichwa, inakumbuka kwa moto ya batri. Mchana unatembea, inajifunza, inaandika prêt, prêt, prêt. Jioni unatoa batri, inasahau yote! Arsène alifuta mara moja. Weye unafuta kila siku! Unaichukua akili ya motokari unailaza chini ya kitanda!"

Mwenye pikipiki mmoja alitaka kusema kitu, mwenzake akamkanyaga mguu.

Ruphin alitazama kapo. Alifikiria zile sitini na sabini, wale mbuzi, lile godoro, esansi yote ile, petroli ya chupa za kando ya barabara. Alifikiria kwamba yule mwizi aliyekuwa anajilinda naye kwa miaka mitatu alikuwa na ufunguo namba kumi mfukoni na anaitwa Ruphin Lifoli. Kisha akaanza kucheka, polepole, kama lori linalowaka asubuhi ya baridi, na ndipo wote wakapata ruhusa.

"Usimwambie Célestine," alisema alipopata pumzi.

Célestine aliambiwa kabla jua halijafika kichwani. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa mteja wake wa lituma.

Lakini kicheko hakikuongeza siku. Ilikuwa Alhamisi, na iliwabidi wangoje injini ipoe mpaka mchana. Khadija alifunga kila kitu akaingia naye garini, kifaa kimechomekwa, amekishika mapajani. Wakaenda Bangboka. Sitini. Kwenye baryeri yule polisi alipiga saluti kabla hawajafika. Karibu na uwanja wa ndege Khadija akapiga kelele: "Moja! Bougie, prêt!" Ruphin akataka kutazama. "Tazama njia, papa!" Wakageuka, wakaacha gari litembee lenyewe kwenye mteremko mdogo, na mstari wa pili ukageuka, na wa tatu. Mpaka wanaingia mjini ilikuwa mitano.

"Imebaki mbili," Khadija alisema. "Ile ya mvuke wa esansi, na catalyseur. Micheline anaruhusu moja ibaki, si mbili. Catalyseur inataka kulala baridi na kutembea tena. Donc kesho asubuhi. Na leo, papa..."

"Najua."

"Batri inalala ndani ya motokari."

"Nimesema najua, mwana. Usinichome mara mbili."

Jioni ile, saa ilipofika, mkono wake uliingia mfukoni wenyewe. Ufunguo haukuwemo. Célestine alikuwa mlangoni, kona ya liputa yake imefungwa fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na kitu kigumu.

"Unatafuta mbanda wangu?"

"Célestine, watamchukua."

"Nani? Wapite wapi?"

Na akatoka na masufuria yake yote ya sokoni, makubwa kwa madogo, na mifuniko, na ule mchi wa kutwangia, akavipanga juu ya kapo la Tika Baloba, kimoja juu ya kingine, mnara wa bati uliosimama kwa imani tu. Anayetaka kufungua kapo lile angeamsha Kabondo, Makiso, na pengine wavuvi wa Wagenia kule kwenye maporomoko.

Ruphin alilala vile anavyolala mtu anayehesabu kila mbwa anayebweka. Alfajiri alitoka na suruali peke yake. Mnara ulikuwa umesimama. Sufuria ya juu ilikuwa na umande. Akaushusha sufuria moja moja kwa vidole viwili, akafungua kapo, na pale, mahali pake, nyaya zake mbili zimeshikana, batri ilikuwa imekaa kama mtu asiyejua kwa nini watu wana wasiwasi. Akaweka kiganja juu yake. Halafu akapiga kelele hivi kwamba jirani wa kushoto alitoka mbio kwenda kutazama ya kwake.

Walikwenda Bangboka asubuhi ile, yeye na Khadija, na Célestine nyuma, kwa sababu alisema mnara wake una haki ya kuona. Robo saa ya sitini. Mstari wa catalyseur ulikaa vilevile. Wakageuka. Vilevile. Ruphin alikuwa anatazama njia kama mwanafunzi wa udereva. Akaachia pedali. Gari likaanza kutembea lenyewe, likipungua, likipungua, toleka mmoja akalipita, halafu mama mwenye beseni la samaki akalipita kwa miguu.

"Prêt," Khadija alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

"Sema tena."

"Prêt, papa. Sita kwa saba."

Célestine alimpiga mumewe begani kwa ule mkono wa kutwanga ndizi, na gari likayumba kidogo.

Saa nane Makiso, Micheline alichomeka waya wake. Ruphin alikuwa amesimama pembeni, shati jeupe, mikono nyuma. Micheline alisoma juu mpaka chini, akashusha miwani, akasoma tena.

"Sita. Imebaki ya mvuke peke yake, hiyo tunaruhusu. Mumefanyaje?"

"Nimeiacha ilale na akili yake," Ruphin alisema, na hakuongeza neno, jambo lililowashangaza wote waliomjua.

Micheline akaingiza bomba kwenye ekzosi. Injini ikaguna. Namba zikapanda, zikasita, zikashuka, zikatulia chini ya mstari. Mashine ikatoa karatasi ndefu nyembamba, Micheline akaichana, akapiga muhuri, akampa.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, papa. Usichelewe, masanduku ya dawa hayapendi jua."

Ruphin alitoka mpaka nje ya geti, akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Alikaa pale akipumua kama mtu aliyesukuma lori peke yake kutoka matopeni, karatasi juu ya goti. Célestine akakaa pembeni yake bila kujali liputa. Khadija akapiga simu, akampa.

"Dada Ursule," Ruphin alisema. "Jumatatu. Ndiyo. Chuma. Nilikuambia walikuwa wananingoja mimi tu."

Célestine na Khadija walitazamana, wakamwachia hiyo bongo moja.

Siku hiyohiyo, kabla ya kufunga, Khadija alimpeleka kwa mchomeleaji wa jirani, akamfungia batri ndani ya kizimba cha vyuma chenye kufuli. Jioni Ruphin alizunguka gari mara tatu, akavuta kufuli mara nne, akaingia ndani. Kitandani akanyoosha mkono chini, upande wa ukutani, kwa mazoea. Palikuwa na sakafu tu, na viatu vyake vya Jumapili.

"Mbanda ameenda kwao?" Célestine aliuliza gizani.

"Analala kazini."

"Basi sogea huku. Miaka tatu umeegemea upande wa mbanda."

Akasogea. Na Célestine, kabla hajalala, alikagua fundo la liputa yake: ufunguo namba kumi ulikuwa bado umo.